Takwimu za Ijumaa Saa Saba

Ijulikane kwa wote, wenye vizimba na wanaovitamani: kuanzia Jumatatu, soko dogo la huku Majengo litaendeshwa kwa uchambuzi wa data. Tangazo lilikuwa na mihuri miwili na saini ya Mkuu wa Soko, Bwana Wilbert. Kanuni yenyewe fupi: sehemu itakayoonekana tupu mara tatu anapewa mtu mwingine.

Maulida, karani mpya aliyetoka chuo juzi tu kusomea mambo hayohayo, alifurahi mpaka akasahau kula. Data, Majengo, jamani. Halafu akaiona orodha ya kwanza. Kizimba namba tisa: tupu, tupu, tupu. Na namba tisa ni cha mama yake mdogo, Sikudhani, ambaye amemsomesha kwa maandazi.

Akamfuata mkubwa.

"Shikamoo, Mkuu. Mlihesabu lini?"

"Marahaba. Ijumaa tatu mfululizo, saa saba mchana. Muda uleule, kisayansi kabisa."

"Muda huo wenye vizimba si wako msikitini?"

"Binti, data haina dini."

"Ila ina saa, Mkuu."

Akaambiwa awasilishe mapendekezo kwa maandishi.

Sikudhani alisikiliza huku anakanda unga. "Hiyo data mimi naifanya hujazaliwa. Wale wa mashamba ya miwa wakipokea mshahara, kilo kumi. Mvua ikianza asubuhi, kilo nne, chai naongeza. Wao Ijumaa tu imewashinda?"

"Wao wana kompyuta, mama mdogo."

"Kumbe. Pole yao."

Maulida akaenda kwa mlinzi, Mzee Eliakim, akaazima daftari la wageni wa Mkuu. Lina safu imeandikwa: "Umeonana na mhusika?" Akaingiza miezi miwili yote kwenye kompyuta. Wageni mia mbili na kumi na nne. "Hapana" mia mbili na kumi na tatu. "Ndiyo" moja, na huyo ni yeye mwenyewe.

Akapeleka orodha mpya isainiwe. Bwana Wilbert alikuwa anatoka, funguo za gari mkononi.

"Ndiyo zile sehemu tupu?"

"Ndiyo, Mkuu. Safari hii nimehesabu siku zote, saa zote."

"Safi sana. Ndiyo faida ya wasomi." Akasaini amesimama.

Namba tisa ikatoka kwenye orodha. Sehemu tupu ikabaki moja sokoni kote: ofisi ya Mkuu. Sikudhani akaiomba siku hiyohiyo, akapewa.

Wiki iliyofuata Bwana Wilbert akarudi kutoka semina Sanya Juu, akakuta jiko dirishani na maandazi yanapoa juu ya meza yake. Akadai kukata rufaa. Mzee Eliakim akamsomea kanuni taratibu: rufaa zote zipelekwe kwa Mkuu wa Soko, ana kwa ana, ofisini kwake. Akamsogezea daftari.

Bwana Wilbert akaandika jina, akaandika shida yake, akakaa kwenye benchi mpaka saa kumi. Kwenye safu ya mwisho akajaza: Hapana.