Upekuzi wa Alhamisi

Serikali ilipotangaza kwamba ujinga ni adui, Nathanaeli alikuwa gerezani Singida kwa kuuza ng'ombe wa jirani, naye akampiga vita adui huyo kwa moyo wote. Alipojua kusoma akapewa kufagia ofisi ya bwana jela, na hapo akagundua kuwa wenzake huamini chochote kikisemwa kimeandikwa.

Zilibaki siku sita atoke. Kwa tabia njema alikuwa amesamehewa theluthi ya kifungo, na kule Mwankoko mkewe Martina alikuwa na mtoto wa miezi mitano ambaye baba yake hajambeba. Mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu.

"Ndugu zangu," Nathanaeli aliwanong'oneza siku ya Jumanne, "nimesoma mezani. Alhamisi upekuzi, mpaka kwapani. Mwenye tumbaku anipe nimfichie."

"Utaificha wapi?" aliuliza Lazaro, mwizi wa kuku.

"Ukijua wewe, na askari atajua."

Wakampa wote kumi na mmoja. Hata Mzee Mughwai wa Ihanja, aliyefungwa kwa kupika gongo, alitoa furushi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nathanaeli akazisukuma zote chini ya mkeka wake. Upekuzi wenyewe kautunga yeye, amwogope nani?

Jumatano asubuhi, mahabusu na wafungwa wakihesabiwa, Mzee Mughwai akanyoosha mkono. Kwao aliyekupa habari mapema hushukuriwa, awe yeyote.

"Bwana jela, tunashukuru kututangulizia habari ya upekuzi wa kesho. Huo ni ungwana."

"Upekuzi gani, mzee?"

"Huu aliotusomea kijana wako Nathanaeli. Anasoma vizuri sana."

Bwana jela alimtazama Nathanaeli kwa upole wa kutisha. "Kumbe upo," alisema. "Ila ni leo."

Vyumba vyote vilikutwa safi kama kanisa siku ya Pasaka. Kisha ukainuliwa mkeka mmoja.

"Zote hizi zako?"

Nathanaeli akawatazama wenye mali. Wote waliinamisha macho, kwa heshima ya mali ya mwenzao. Kuwataja kulikuwa kueleza amezipataje.

"Zangu, bwana," akasema, na msamaha wake ukafutwa pale pale. Mtoto angembeba akiwa tayari anatembea.

Tumbaku ikaamriwa ichomwe uani, kwa mikono yake mwenyewe. Upepo wa Singida ukaupeleka moshi wote upande mmoja, na upande huo wazee na vijana kumi na mmoja walikuwa wameshaketi. Mzee Mughwai alifumba macho, akavuta pumzi taratibu.

"Chochea, mwanangu," alisema. "Usiharakishe."