Kompyuta Ndani ya Kompyuta ya Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Diski ya studio imejaa. Bi Mkasi, mhariri wetu wa video, kanishtaki kwa Mjomba, mwenye studio, kabla sijavua koti. Eti kuna faili moja limevimba, na ni langu. Nikaeleza kwamba hiyo ni kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kubuni inayokaa ndani ya hii halisi, na inatukinga na virusi. Mjomba akaitikia kwa heshima. Ukweli: inaendesha mchezo wangu wa zamani wa kandanda, ambao mashine mpya haiutaki. Timu yangu inaongoza ligi. Mjomba kasema video ya harusi isipokuwa tayari Jumamosi, nisahau kiti changu.

Jumanne, 5 Machi
Nimejitoa mhanga. Ndani ya kompyuta pepe nimefuta filamu, nyimbo na misimu yote ya nyuma ya ligi. Ndani peupe. Nje, faili halikupungua hata chembe! Bi Mkasi akasema ndivyo mafaili haya yalivyo: ukishafuta huko ndani, lazima uizime, kisha ulibane faili kwa amri maalumu. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Jumatano, 6 Machi
Nina kichwa, jamani. Kama ndani kuna nafasi na nje hakuna, si tuhamie ndani? Bi Mkasi alikuwa nje akirekodi sherehe nyingine. Nikazihamishia video zote za harusi kwenye kompyuta pepe. Diski ikapumua. Mjomba kanisifu mbele ya wateja.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Mkasi, kwa roho mbaya tu, kamwonyesha Mjomba timu yangu. Mjomba kaamuru niifute kompyuta pepe nzima, mbele yake, na pipa la taka la kompyuta nilimwage. Nikafuta. Machozi yalinilenga kwa ajili ya golikipa wangu.
Baadaye, napiga mswaki, nikakumbuka waliokuwemo mle ndani: bibi harusi, bwana harusi na wazazi wa pande zote mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Nimesema ni virusi. Hakuna aliyeniamini. Kadi za kamera Bi Mkasi alishazifuta ili azitumie kwenye sherehe ile nyingine. Bibi harusi alikaa kwenye kiti cha wateja akalia bila sauti. Alisema siku ile babu yake aliinuka akacheza naye, na sasa mzee haamki kitandani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajitolea kumwigiza babu. Mjomba akaniomba nitoke nje.

Jumatatu, 11 Machi
Nimehamishiwa mapokezi. Nimekubali kosa, kwa moyo mmoja: nilimwachia Bi Mkasi nafasi ya kunichongea. Kompyuta ya hapa ni kuukuu, ila diski yake karibu tupu, inasikitisha kuiona. Nimeshaunda kompyuta pepe nyingine. Safari hii faili nimelipa jina la Bi Mkasi.