Malalamiko Kuhusu Nyundo Iliyokiaibisha Kiwanja Changu

Ndugu Mkurugenzi wa Majengo,

Kwa heshima zote na kwa moyo uliojeruhiwa, mimi mkandarasi wa bweni jipya la wasichana, la ghorofa tatu, namlalamikia mpima udongo uliyemleta kiwanjani. Ameandika kwamba tetemeko likipita, mchanga wetu utageuka uji na bweni litazama. Kazi imesimama.

1. Kipimo chake ni kugongomea bomba ardhini kwa nyundo huku akihesabu. Bomba liliingia futi moja kwa mapigo manne tu. Nikapiga makofi, nikijua tumeongoza. Kumbe kwao anayewahi kufika ndiye aliyefeli. Kiwanja kilichompokea mgeni bila ubishi kinaitwa dhaifu, na kile kinachomkatalia ndicho kinachosifiwa. Hiyo ni adabu gani?

2. Amekuta maji mita moja na nusu chini. Sikuyaweka mimi.

3. Alinivunjia heshima mbele ya kamati ya shule. Alijaza ndoo mchanga wetu uliolowa, akasimamisha tofali juu yake, kisha akaigonga ndoo ubavuni kwa kiganja, mfululizo. Tofali likainama, likazama lote. Akaniambia kwa upole, "Mzee, hilo tofali ndilo bweni lako." Mwalimu mkuu aliweka kikombe chini, na hajanisalimia mpaka leo. Ndoo si kiwanja, Ndugu Mkurugenzi, na sijui ni nani atakayekuja kukipiga kiwanja chetu vibao.

4. Anataka nishindilie mchanga upya, au niteremshe nguzo mpaka kwenye mwamba. Nikamwomba tarehe ya hilo tetemeko, hana. Nikamwomba walau barua yenye mhuri kwamba litakuja, akacheka. Mtu asiye na tarehe anasimamishaje kazi ya mwenye tarehe ya kukata utepe?

Kwa hiyo naomba yale mapigo manne yasahihishwe yawe thelathini, kwa huruma ileile wanayoongezewa alama wanafunzi. Mpima mwenyewe apelekwe kwenye machimbo ya mawe, atakakoridhika.

Nisalimie karani wako, dereva, na mama wa chai aliyenivumilia siku tatu pale mapokezi.

Wako mtiifu,
Mkandarasi (Mzee Zege)

Tanbihi: Nimeletewa sasa hivi orodha ya vyumba. Binti yangu amepangiwa bweni hili, chumba cha chini. Tafadhali ahamishiwe lile la zamani, lililo juu ya mwamba. Mama yake asiambiwe sababu.