Ndege ya Mama na Saa ya Kongo

Leo nimeaibika, jamani. Tena si pembeni. Mbele za watu, kwa kelele zangu mwenyewe.

Mama alikuwa Kampala miezi miwili akitibiwa nyonga. Daktari akamkataza basi, ile kutwa nzima ya kurushwarushwa barabarani. Dada yangu akamkatia tiketi ya ndege, Entebbe hadi Kasese. Mama hajawahi kupanda ndege maishani. Jana kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Nikiteremuka, nitakuta nani?"

"Mimi, mama. Sura ya kwanza utakayoiona ni yangu."

Hapo ndipo akakubali.

Nikapiga hesabu. (Mimi ni mtu wa hesabu, ulizeni Bwera nzima.) Angani ni kama kilomita mia tatu kasoro, mwendo wa saa moja. Inaondoka saa tatu, inatua saa nne. Leo asubuhi nikavaa shati la kanisani, nikaitazama saa ya mkononi: saa mbili na nusu. Muda tele! Nikaongeza kikombe cha chai.

Nimefika uwanjani Kasese saa yangu ikisema saa nne kasoro robo. Ndege hakuna. Yupo mlinzi langoni, waendesha boda watatu, na watu wachache kwenye kibanda cha soda nyuma yangu.

"Afande, ndege ya Entebbe bado?"

"Ile ilikuja, mzee. Ikaenda."

Nikacheka! Nikamshika bega kabisa. (Mungu anisamehe.) "Sikiliza, afande. Ndege ina kilomita zake. Saa hii iko juu ya Kamwenge." Waendesha boda wakasogea, nami nikapandisha sauti. Nikaokota kijiti nikawachorea chini: huku Entebbe, huku Kasese, hapa katikati mama yangu angani.

"Bwambale."

Sauti ilitoka kibandani.

"Ile ndege ilisha kurudia. Miye niko hapa tangu kitambo."

Mama! Kajifunika kitenge, soda mkononi.

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unafundisha batu. Nilingojea umalize."

Mlinzi akanionyesha simu yake: saa tano kasoro robo. Ndipo nikakumbuka. Nauza vitenge mpakani Mpondwe, na wateja wangu wanatoka upande wa Kongo, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Saa yangu ya mkononi naiweka ya kwao, nisiwakose. Wateja sijawahi kuwakosa. Nimemkosa mama.

Boda walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni mlinzi, aliponivuta kando: "Huyu mama alipewa lifti ya Bwera mara mbili, akakataa. Alisema mtoto yake iko njiani."

Njiani nimemwomba radhi mpaka maneno yakaniisha. Yeye akaniuliza kama nimekula.

Tumefika nyumbani, majirani wamejaa uani. Mmoja akauliza, "Mama, Bwambale ulimkuta?"

"Ee! Niliteremuka tu, mutu wa kwanza kumuona ni yeye."

Akasema bila hata kupepesa macho. Nikaingia ndani kuweka begi, nikakaa na begi lile muda mrefu.

Basi chekeni, ruhusa mnayo. Ila mkikutana na mama, tafadhali, mimi niliwahi.