Kiti Changu cha Kamati ya Theluji

Jumatatu, 12 Januari
Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, mapadri wanne na mbwa saba. Poromoko la theluji lililobeba zizi la baba lilinikuta chooni, likaniacha. Leo kaja Walpurga, mkuu wa walinzi wa mlima. Anasema kiti changu kwenye kamati ya theluji, ile inayoamua mteremko upi ufungwe, kiti cha miaka thelathini na nane, kitabaki changu nikifaulu zoezi la Alhamisi. Gunia linafukiwa, tunalitafuta kwa vimashine vya mlio, dakika kumi na tano. Nikishindwa, kiti anapewa Gebhard wa duka la skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Gebhard! Ana miaka sitini na nne, mtoto yule.

Jumanne, 13
Walpurga kanivalisha kimashine kifuani. Kinatuma mlio ili ukifukiwa wenzako wakupate. Ukitafuta wengine, sharti ugeuze kifungo, kisikilize. Karudia mara tatu. Nikamwambia, binti, skii umefundishwa na mimi.

Mchana mgahawani, tukila madonge ya mkate, Gebhard akadai upepo umerundika theluji, mteremko wa juu ufungwe. Nikasema goti langu limenyamaza, basi mlima salama. Akauliza kama goti nalo lina kiti kwenye kamati. Watu wakacheka. Majina yao ninayo.

Jumatano, 14
Mpango. Mbwa wangu Strolch ana pua kushinda betri zao. Walpurga alipokwenda kunywa kahawa, nikapenyeza nusu soseji ndani ya gunia. Nusu nyingine mfukoni, ya kwangu.

Alhamisi, 15
Tulikuwa watafutaji sita. Strolch akanusa upepo, akazunguka, akanirukia mfukoni. Haya, huyo mbwa. Lakini vimashine vya wale watano navyo vikanielekea mimi. Nikihama, wanahama. Gebhard akanidunga ugoko kwa ile fimbo ndefu ya kuchomea theluji, akauliza, Mzee Vinzenz, umeshafukiwa au bado? Walpurga akanitazama kifuani. Kifungo sikukigeuza.

Gunia lilipatikana dakika ya arobaini na moja. Walpurga akasema polepole kwamba chini ya theluji, robo saa ikipita, mtu ndiyo basi tena. Lile gunia lingekuwa Gebhard, Jumapili tungekuwa makaburini. Nikasema hilo nalo si wazo baya. Hakucheka.

Jumapili, 18
Kiti kaenda nacho Gebhard. Jana kafunga mteremko wa juu. Leo baada ya misa ukaporomoka wote, hakuna mtu chini. Kabahatisha. Goti langu lilikuwa linajua, ila hakuna aliyeliuliza vizuri.

Kesho napeleka barua kwa mkuu wa kijiji, kudai kiti changu. Vimashine vitano na mbwa, mlima mzima ule, wamekubaliana kwamba wa kutafutwa ni Vinzenz. Kamati gani imewahi kukubaliana hivyo? Kimashine sijakivua, na kifungo sikigusi. Shahidi ni Strolch, na Walpurga akiamua kusema kweli, na ugoko wangu, umevilia damu mpaka leo.