Klorini na Shuka za Hospitali

Jumatatu, 3 Machi

Povu kanizidi tena! Dobi gani huyo wa ng'ambo ya barabara, shuka zake kwenye kamba zinaumiza macho. Zangu zina rangi ya chai ya maziwa. Ijumaa hospitali inatoa zabuni ya kufuliwa shuka zake zote. Dobi mmoja tu. Mke wangu anasema tusugue zaidi. Kusugua! Wenye akili hawasugui.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikisafisha choo. Klorini inang'arisha nguo. Asidi inang'arisha choo. Zikikutana je? Mke akanionyesha picha ya fuvu kwenye chupa. Nikamwambia fuvu ni la kutishia wezi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nampenda akicheka.

Jumatano, 5 Machi

Nilifunga madirisha yote, Povu asije akanusa siri yetu. Nikamwachia mke beseni la klorini na asidi akoroge, mimi nikatoka kumchunga adui. Narudi, chumba kimejaa moshi wa kijani-manjano! Mke yuko sakafuni, anahangaika kuvuta pumzi. Nilimburuta nje, macho yakiniwaka moto. Aliyembeba mgongoni hadi hospitali ni Povu. Hata hilo kaniwahi.

Ijumaa, 7 Machi

Mke yuko kwenye oksijeni. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Daktari kanifokea kwamba nilitengeneza gesi ya sumu ndani ya nyumba. Akasema klorini ni wa ukoo wa halojeni, ndugu zake florini, bromini na iodini. Kila mmoja kapungukiwa elektroni moja tu, basi humpora yeyote aliye karibu, hata mapafu ya mtu. Nikawaonea huruma. Na mimi nimepungukiwa kitu kimoja tu, zabuni. Nikamuuliza yupi kati yao ni mpole. Akasema iodini hana pupa kama hao wengine, ndiyo maana hupakwa kwenye vidonda. Aliendelea kusema, sikumsikiliza.

Zabuni kapewa Povu.

Jumatano, 19 Machi

Mke karudi nyumbani. Hamalizi sentensi bila kupumzika. Nilimtania kidogo, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi hadi midomo ikabadilika rangi. Akaniomba kwa mkono nisimchekeshe tena. Nikaenda kulia uani.

Jioni kaniapisha nisiguse klorini maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mmoja. Iodini hakumtaja, na chupa zake mbili ziko tayari chini ya kitanda.