Shingo ya Mzee Baudouin

Jumatatu, 1 Septemba

Kanisa limenunua kombi. Nyeupe, ya zamani, mlango wake wa kando hugoma. Mchungaji Ruphin ametangaza kwamba ufunguo utakabidhiwa mzee wa kwanza kupata leseni ya nchi hii. Huyo ndiye atakayewachukua waumini wa Cato Manor na Bluff kila Jumapili na kuwaleta hapa Albert Park. Wanaostahili ni wawili tu: mimi, na ndugu Pontien, Mrundi, kiongozi wa kwaya, mtu wa kucheka ovyo.

Kule Bukavu niliendesha gari la misheni tangu nilipotoka shule ya Biblia. Hapa Durban ninachukuliwa na kurudishwa kama kifurushi. Kwa hiyo nautaka ufunguo ule kuliko inavyonipasa kutaka kitu cha dunia. Nimeomba. Naamini Mungu ameelewa kuwa ni kwa faida ya waumini.

Jumanne, 2 Septemba

Somo la udereva. Mwalimu wangu ni binti Libérate, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu na hasahau kunionyesha hivyo. Kuendesha upande wa kushoto nimekwisha kuzoea, isipokuwa ninapotafakari. Nikitafakari, gari huhamia kulia, kama kule nyumbani.

Lakini shida kubwa ni shingo. Libérate anasema kila ninapotaka kuondoka, kukata kona au kubadili njia, sharti nigeuze kichwa na kutazama nyuma ya bega, na mtahini akione kichwa kikigeuka. Kuzungusha macho hakutoshi. Nilimweleza kwamba katika shule ya Biblia tulifunzwa kuwa mtumishi hageuzi shingo ovyo. Akitaka kutazama kando, hugeuka mwili mzima, polepole. Akauliza kama usukani nao utageuka. Nilijaribu. Uligeuka. Tukapanda juu ya njia ya waendao kwa miguu.

"Papa," akasema, "unaendesha kama picha ya ukutani."

Niliipokea kama sifa. Picha za ukutani ni za watu wa hadhi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata njia. Mwaka jana Mama Agathe alianguka kwenye ngazi za ghorofa lao, hospitali ikampa kola nene ya kushika shingo. Nimeiazima. Nilimwambia naihitaji kwa fundisho kuhusu uvumilivu. Si uongo, kwa maana nitaivumilia. Mtahini akiniona nayo ataingiwa na huruma, na ile habari ya kugeuza kichwa itanipita.

Mke wangu Colette alinikuta nikijipima mbele ya kioo. Alisema nafanana na chupa iliyofungwa kifuniko kisicho chake. Colette ni mcha Mungu, lakini maono hakujaliwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya mtihani. Mtahini alikuwa mama wa Kizulu, mpana, mtulivu. Aliniita baba. Nilifurahi mno: neno ni lilelile kwa Kizulu na kwa Kiswahili, nikajiona nimekwisha kupata binti mahali pa kufaa. Nikambariki. Baadaye nimeelezwa kwamba huku kila mwanamume mwenye mvi huitwa baba, hata akiwa amekamatwa kwa wizi.

Gari halikuwashwa. Mama yule alinyoosha kidole kwenye kola. Nilimweleza maumivu yangu kwa Kiingereza kizito. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baba, asiyeweza kugeuza shingo hawezi kuendesha gari. Nenda ukatibiwe, kisha urudi."

Ndugu Pontien alikuwa kwenye benchi akingoja zamu yake. Aliona yote. Alinishika bega, akauliza kwa upole wa bandia nilivunjika lini. Nikasema juzi. Kisha akaingia yeye. Kwenye mwinuko gari lake likarudi nyuma kidogo tu, akafelishwa palepale. Nilimhurumia sana. Nilimhurumia njia nzima hadi nyumbani, nikiimba.

Jioni simu hazikukatika. Pontien amewaarifu waumini wote kwamba Mzee Baudouin amevunjika shingo.

Jumapili, 7 Septemba

Ilinibidi kwenda ibadani na kola. Kuivua kungekuwa ni kuungama.

Baada ya mahubiri Mchungaji Ruphin, ambaye umri wake ni wa kitinda mimba wangu, aliniita mbele. Pontien akaanzisha pambio. Wakaniwekea mikono, wakaomba kwa nguvu, nami jasho likinitiririka ndani ya kola. Nikayapima mambo. Nisipopona, ufunguo utakwenda kwa Mrundi. Nikipona, nitakuwa nimedanganya madhabahuni.

Nikapona.

Niligeuza kichwa kushoto, kulia, kushoto tena. Vigelegele vikatikisa madirisha. Mama Agathe alilia machozi. Alinifuata mlangoni akauliza kwa sauti ya chini: yeye aliivaa kola hiyohiyo miezi mingi, na shingo yake ikapona polepole kama ya watu wote, je, imani yake ilipungua wapi?

Nikamwambia azidi kuomba.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikujua kwamba muujiza ni kazi ya kila siku. Kila ninayekutana naye anataka kuuona. Leo nilipita mbele ya duka la simu la Cédric, akanisimamisha mbele ya wateja. "Papa, geuza tuone kama iko sawa." Nikageuza. Wanawake wa saluni ya jirani hawakuwa wameona, nikageuza tena.

Pontien ndiye mbaya zaidi. Hunijia kwa nyuma barabarani na kuniita ghafla, ili aone kama nitageuka. Nageuka. Sasa nageuka hata asiponiita. Colette anasema nageuka pia usingizini, na kwamba amechoka kulala na feni.

Shingo imeanza kuniuma kwelikweli. Hakuna ninayeweza kumwambia.

Jumanne, 23 Septemba

Nimefaulu.

Mtahini alikuwa mama yuleyule. Shingo ilijiendea yenyewe: kwenye kila kona, kila taa ya barabarani, ambayo huku huitwa robot, kila mbwa aliyesimama kando ya njia. Aliandika, akanitazama, akaandika tena. Mwishoni alisema hajapata kumwona mzee mwangalifu kiasi hiki.

Libérate alinikumbatia, akasema haya ndiyo matunda ya mazoezi. Nilimsahihisha kwa upole. Si mazoezi, ni mpango. Ukiutazama mpango wa kola kwa ukamilifu wake, umefaulu.

Pontien atarudia mtihani mwezi ujao. Namwombea mwinuko usio mkali.

Jumapili, 28 Septemba

Asubuhi nilipewa ufunguo mbele ya wazee wote. Niliwachukua akina mama wa Cato Manor bila dosari. Waliniita dereva wetu. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Tuliporejea, ilinipasa kuingia langoni kinyumenyume. Mchungaji na wazee walikuwa wamesimama uani wakitazama. Mtahini hakuwemo garini, na mbele ya kundi mtumishi hageuzi shingo. Nilirudi nyuma kwa heshima, uso mbele, nikiwapungia mkono waliokuwa ng'ambo ya barabara. Pontien alipiga kelele nisimame. Nilimsikia vizuri sana. Ndiyo sababu sikusimama.

Nguzo ya lango imesalimika. Kombi haikusalimika: taa imevunjika, mlango wa nyuma umebonyea ndani. Akina mama ni wazima, isipokuwa sufuria ya sombe, kisamvu chetu, iliyomwagika yote juu ya viti.

Mchungaji Ruphin aliuliza mbele ya watu wote kwa nini sikusimama nilipoitwa.

"Mchungaji," nikasema, "sikusikia. Sikio langu moja limeziba siku nyingi."

Nyuso zote zikalegea. Ametwaa ufunguo kwa sasa, lakini Jumapili ijayo kanisa zima litaliombea sikio langu, na nikisikia nitarudishiwa. Pontien tayari anatafuta pambio la kufaa.

Jambo limekaa vizuri. Nina juma zima la kujitayarisha. Colette ameniita mezani mara kadhaa, nami nimeketi kimya, nikifanya mazoezi. Sasa amekuja kusimama mlangoni na kuniuliza ni sikio lipi.

Bado sijaamua.